Kilio cha Sadrack Tshiamala

Habari ya pensheni ililetwa kwenye avenye yetu, huu mtaa wetu, na Tata Mechack mwenyewe, na aliileta kama mtu aliyeokota jiwe la kobalti barabarani: hataki watu waone, na kunyamaza hawezi.

Hapa Manika, Kolwezi, kila mtu anamjua Tata Mechack Tshiamala. Ndiye anayetengeneza mbabula, yale majiko ya makaa, kwa mapipa ya zamani. Anakata, anakunja, anatoboa matundu, na nyundo yake inatuamsha kabla ya jogoo. Nyaya za umeme wa bwawa la Nzilo zinapita juu ya mapaa yetu kwenda kwenye migodi, sisi tunapika na makaa, kwa hiyo wateja hakuwakosa. Lakini alikuwa amefika miaka sitini na mitatu. Vidole viwili vya mkono wake wa kuume vilikuwa vimekufa, hata ukiviwekea kaa la moto havisikii, na siku moja nyundo ilimponyoka ikavunja sufuria ya jirani na mboga ya sombe ndani. Alichotaka ni kimoja tu: kuiacha nyundo kabla mkono haujamwacha yeye.

Siku hiyo alirudi kutoka mjini na shati lake la kanisani, akakaa kwenye kiti changu. Mimi nakodisha viti na bache, maturubai ya vilio na arusi, na mbele ya mlango wangu hapakosi watu wa kusikiliza. Akaeleza. Kumbe biro ya pensheni, ile ofisi ya mjini, siku hizi inapokea hata watu wa kazi ndogo ndogo, fundi, muuza mikate, mshona viatu, alimradi walipe wenyewe kila mwezi kwa hiari yao. Na yule ambaye zamani alifanya kazi ya kampuni lakini miezi yake haikutimia, anaweza kulipia ile iliyopungua. Walitafuta jina lake kwenye mafaili, wakalipata. Miezi mia moja hamsini na minane. Inatakiwa mia moja themanini. Amebakiza ishirini na miwili, halafu atakula pensheni mpaka siku ya kaburi.

Tulimpongeza. Hakuna aliyeuliza ni jina gani lililopatikana, kwa sababu wote tulijua. Kwenye mafaili hakuna Mechack. Kuna Sadrack.

Sadrack alikuwa kaka yake mkubwa. Yeye ndiye aliyeandikwa kazi mwaka 1981 kwenye atelye moja, karakana ya kutengeneza mashini za migodi, atelye ambayo leo imebaki kuta na majani. Mwaka 1987 alichukua likizo ya mwezi mmoja, akaenda na bibi yake wa ndoa, Mujinga, kwao huyo mwanamke, upande wa Sandoa, kutafuta dawa ya tumbo. Tumbo halikungoja dawa. Alikufa likizo ikiwa imebakiza siku tisa.

Mechack alifika na lori kuzika. Akazihesabu zile siku tisa. Wakati ule kazi ya kampuni ilikuwa nyumba, mfuko wa unga kila mwezi, hospitali na shule ya watoto. Mtu akifa, nimero yake inakufa naye, na familia inapewa wiki mbili za kufunga vitu vyake. Basi alimwambia Mujinga, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, kwamba Kolwezi hakutakuwa na kilio. Hakuna kulia, hakuna kitambaa cheusi, hakuna kukaa chini kwenye mkeka. Yeye atavaa kofia ya kazi ya kaka, atachukua karti yake, na siku ya kumi ataingia mlangoni kama Sadrack. Sura walifanana. Nusu ya mshahara itakuwa ya Mujinga na watoto, milele. Kapita, msimamizi wa atelye, alipewa kasha la bia, akasahau macho yake nyumbani. Wangapi walifanya vile mji huu. Usitafute mtu wa kututupia jiwe, utachoka.

Mujinga alirudi Kolwezi na kitenge cha maua. Aliyemuuliza aliambiwa bwana yake ni mzima, yuko kazini. Wenye kukumbuka wanasema alikuwa anapika vizuri na kucheka, halafu anakwenda chooni, anajaza kitambaa mdomoni, analia humo.

Ile milele ilikuwa na miaka mitatu. Mechack alioa Naomie, na Naomie alitaka nyumba. Mujinga akatolewa na watoto wawili na masufuria yake, na alipokumbusha habari ya nusu ya mshahara, Mechack alimwambia aende kumshitaki Sadrack. Neno hilo lilizunguka avenye nzima, likachekesha watu wiki mbili. Hata mimi nilicheka. Nilikuwa msichana, na lilikuwa neno zuri.

Kwenye karatasi za kampuni, lakini, bibi wa Sadrack alibaki Mujinga. Naomie alizaa hospitali ya kampuni kwa jina la Mujinga. Na juma lile lile mtoto mdogo wa Mujinga alishikwa na surua, mama akamkimbiza kule na karti yake ya zamani, wakamwambia mlangoni kwamba Mujinga bibi wa Sadrack yuko kitandani, amejifungua jana, na yeye ni nani. Mtoto alikufa kwenye kibanda cha dawa, soko la Manika. Kwa mtoto, Mujinga aliruhusiwa kulia.

Baada ya hapo aliuza samaki. Mpaka leo anauza samaki wa Nzilo, wale wa kukausha, meza ya tatu ukiingia sokoni. Hakuolewa tena. Mtoto aliyebaki, Benoît, yuko Fungurume anaendesha lori la watu. Na Mujinga na Mechack wakikutana wanasalimiana vizuri, shemeki, shemeki, kama watu wa kanisa moja.

Sasa, habari ya pensheni ilipofika kwenye kiti changu, ungetaka nifanye nini nayo? Nilikwenda kununua samaki. Nilimweleza Mujinga yote, biro, mafaili, jina la Sadrack, ile miezi. Nilitegemea atatukana, nipate cha kurudi nacho nyumbani. Hakutukana. Alinifungia samaki wangu, akaongeza mmoja wa bure, akaniuliza kitu kimoja.

"Mama Charlotte, anabakisha miezi ngapi?"

Nikamwambia ishirini na miwili. Akaitika kwa kichwa.

Tangu siku hiyo nilikuwa napata samaki mmoja wa bure kila mwezi. Mechack analipa biro, anapita kwangu kuonyesha risiti, mimi napita sokoni. Anabakisha kumi na tisa. Anabakisha kumi na minne. Sikuona ubaya. Nilidhani mwanamke anatafuta wakati mzuri wa kumwomba ile nusu yake ya zamani, na nilitaka niwepo siku hiyo.

Mwezi wa kumi na saba mambo yalimharibikia Mechack. Mvua zilinyesha vibaya, makaa yakapanda, watu wakapika mara moja kwa siku, mbabula zikajipanga mbele ya nyumba yake kama watoto wasio na shule. Alikosa kulipa mwezi ule. Ukikosa mitatu, walimwambia biro, faili inafungwa. Naomie alimwambia aache, wale pesa yao sasa, pensheni ni ya watu wenye meno. Mechack alikuja kwangu bila utani, akakaa, akautazama mkono wake.

Nikaipeleka hiyo nayo sokoni. Mujinga aliacha samaki, akasimama. Sijawahi kumwona kuogopa vile. Kesho yake Benoît alituma mtu kutoka Fungurume kununua mbabula sita za wachimbaji. Juma lililofuata, nane. Mtu huyo hakupatana bei, alilipa na kupakia. Mechack alilipa miezi yake miwili pamoja, akaniambia Mungu hamwachi mtu anayefanya kazi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa mbabula zinakwenda wapi, maana nyuma ya nyumba ya Mujinga ziliwekwa zote kumi na nne, mpya, hazijaona moto. Nilifikiri, basi amemsamehe. Nilihadithia watu watatu kwamba amemsamehe.

Mwezi wa ishirini na miwili ulilipwa siku ya Jumanne. Mechack alileta karatasi yenye mhuri: miezi mia moja themanini, haki imetimia, mwombaji arudi tarehe fulani na picha mbili kwa ajili ya malipo ya kwanza. Alinunua bia kwa avenye nzima. Nilitoa viti vyangu bila kulipisha. Naomie alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, na Mechack alizitundika nyundo mbili ukutani, akasema anayezitaka azichukue. Akasoma ile karatasi kwa sauti, maana alikuwa msomaji wetu, barua zote za avenye hii ni yeye anayezisoma. Aliposoma jina, Tshiamala Sadrack, watu walipiga makofi.

Ijumaa ya juma lililofuata, asubuhi, Mujinga alifika mlangoni kwangu. Amevaa kitenge cheusi, kitambaa cheusi kichwani, miguu bila viatu.

Alitaka bache mbili na viti sitini. Nikamuuliza, pole mama, ni nani, ni Benoît?

"Bwana yangu," alisema. "Sadrack alikufa."

Nilikaa. Nilimwambia watu watacheka. Alinijibu wacheke wakiwa wamekaa, ndiyo maana anataka viti. Na alilipa yote pale pale, siku tatu.

Karatasi zake alikuwa amezitengeneza tangu zamani, mwezi kwa mwezi, wakati mimi nakula samaki. Alikuwa na cheti cha ndoa cha mwaka 1980. Alikuwa na watu wawili wa Sandoa walioshika jeneza kwa mikono yao, na mkubwa wa kijiji aliyeandika kwamba Sadrack Tshiamala, mfanyakazi wa Kolwezi, alikuja kwao na ugonjwa wa tumbo, akafa, akazikwa. Picha ya kaburi ilikuwepo, na msalaba mpya. Kila neno lilikuwa la kweli. Tarehe tu ndiyo iliyoletwa karibu, wiki moja baada ya mwezi wa mwisho kulipwa. Mtu mwenye miezi mia moja themanini akifa, pensheni inakwenda kwa mjane wake aliyeandikwa kwenye faili. Angekufa amelipa miezi ishirini na mmoja tu kati ya ile ishirini na miwili, mjane asingepata kitu.

Saa nne bache zilikuwa zimefungwa, moto umewashwa. Mbabula kumi na nne zilitolewa nyuma ya nyumba, zikapangwa mbele, bukari, ule ugali wetu, zinasongwa, samaki wa Nzilo wanachemka. Harufu ilifika avenye tatu. Na watu walikuja. Nisikudanganye kwamba walisita. Kilio ni kilio, chakula kipo, na kila mtu alitaka kuona. Walikuja wa kanisa, walikuja wa soko, walikuja wazee wawili waliofanya kazi atelye na Sadrack yule wa kwanza, na hao walilia kweli. Benoît alishuka kwenye lori, akalala kifudifudi kwenye mkeka. Alikuwa na miaka mitano wakati baba yake alipokufa, na hakuna aliyemruhusu kuuliza baba amekwenda wapi.

Mechack alipata habari akiwa anapiga picha zake mbili. Alikuja mbio, Naomie nyuma yake. Walipoingia chini ya bache sauti zilishuka. Alisimama katikati ya viti vyangu, shati la kanisani limelowa mgongoni, akasema wazi kwa watu wote:

"Mi niko muzima. Munaniona, niko muzima."

Mzee mmoja wa atelye alimjibu kwa upole kwamba wanamwona, Mungu ashukuriwe, akamwonyesha nafasi kwenye mkeka wa mbele, ule wa ndugu wa marehemu. Mtu nyuma aliuliza kama mdogo wa marehemu ameleta bia, maana kwao ndiye anayefungua ya kwanza. Watu walicheka kidogo, kwa adabu ya kilio.

Mechack alimwinamia Mujinga, akamwambia kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu, nasogeza viti.

"Mujinga, ondoa hii bitu. Nitakupa nusu. Kila mwezi, nusu."

"Nusu uliniambiaka ku kaburi, shemeki," Mujinga alisema. "Uliniambiaka vile vile nisilie. Nilingoyaka miaka makumi tatu na saba. Kaa chini, tulilie kaka yako."

"Ile miezi ni yangu. Ni hii mikono yangu njo ililipa."

"Enda ushitaki Sadrack."

Hakulisema kwa nguvu. Lakini walio na umri wangu walilisikia, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mechack angeweza kuondoka. Nilimwona anaitazama barabara. Wakati huo huo kijana wa kike aliingia na faili kifuani, viatu vimejaa vumbi. Ni Darlène, wa biro ya pensheni. Ndiye aliyempokea Mechack dirishani miezi yote ishirini na miwili, aliyemwita Tata Sadrack, aliyekula mahindi yake ya kuchoma. Mujinga alikuwa amepeleka tangazo la kifo asubuhi, na kwa mjane ambaye bwana amekufa kabla ya malipo ya kwanza, mtu wa biro anatumwa kuhakikisha kilio kipo na kuchukua shahidi mmoja wa damu.

Darlène alitoa pole kwa Mujinga. Alitoa pole kwa Benoît. Halafu akageuka, akamwona Mechack. Alifungua faili, akatazama picha ndani, akaifunga.

"Tata ni nani wa marehemu?" aliuliza.

Mechack alimtazama Mujinga.

"Niambie tu, tata. Mi niandike. Kama uko Sadrack, huyu mama anadanganya serikali, tutaenda naye ku polisi. Lakini tutaenda bote. Utatuelezea ule wa Sandoa ni nani, na ni nani alikuwa anaingia ku kazi mwaka 1988."

Naomie alimshika bwana wake shati. Alimwambia sema, sema wewe ni Sadrack, una karti, una risiti. Darlène akamuuliza na mama huyu ni nani. Watu wote walimtazama Naomie, mwanamke aliyezaa kwa jina la mwenzake na hana karatasi hata moja yenye jina lake. Mujinga ndiye aliyejibu kwa ajili yake.

"Huyu ni bibi ya mudogo ya marehemu. Batu ba familia. Mumupe kiti."

Mimi ndiye niliyempa.

Mechack alikunja miguu, taratibu, akakaa kwenye mkeka wa mbele. Alisema yeye ni Mechack, mdogo wake. Alisema Sadrack alikufa kwa tumbo. Darlène aliuliza tarehe, akaitaja ile ya Mujinga. Aliandika yote kwa herufi nzuri, akamgeuzia karatasi na kumpa kalamu, aweke sahihi kwenye mstari wa shahidi.

Mkono wake ulikwenda wenyewe. Niliiona kalamu inaanza ile S kubwa yenye mkia, aliyoipiga tangu kwenye karatasi za mshahara mpaka kwenye risiti ya Jumanne. Akaizuia kabla haijagusa karatasi. Ilikuwa sahihi pekee aliyokuwa nayo. Alikaa hivyo, kalamu hewani, mtu anayetusomea barua zetu zote.

Darlène alitoa kikopo cha wino kwenye mkoba wake.

"Kama tata hajue kuandika, kidole kinatosha," alisema.

Alimshika gumba, akaliviringisha kwenye wino, akalibana kwenye mstari kama vile mtu anavyomsaidia mtoto. Chini yake akaandika: shahidi hajui kusoma. Akamsomea kwa sauti yale aliyoyatilia kidole, kwa sababu sheria inataka mtu asiyejua kusoma asomewe. Alimsomea yote, kuanzia jina la marehemu mpaka jina la mjane na tarehe ambayo pensheni yake itaanza. Mechack aliitika kila mwisho wa mstari.

Darlène alipoondoka, Mujinga alikivuta kitambaa chake mpaka kwenye macho, akatoa sauti. Sijui niseme ni sauti gani. Wanawake waliitikia, na bache nzima ikalia. Mechack naye alilia, kwa mdomo wazi, anagonga kichwa kwenye bega la Benoît, na wageni waliokuwa wanaingia, wasiojua kitu, walishikana mikono na kusema angalia jinsi alivyompenda kaka yake. Walipanga mstari. Mmoja mmoja waliinama wakampa mkono ule wenye wino, wakamwambia pole sana tata, umebaki peke yako.

Kufika saa nane watu walikuwa wamesimama mpaka barabarani. Mujinga alinifanyia ishara kutoka kwenye mkeka, na nikaenda mbio kuleta viti ishirini zaidi.